Nani Kakwambia Kabahatika?

Haya, nani tena kasema Lupita kabahatika? Maana nimesonya mpaka muuza kahawa kageuka na birika lake mkononi. Kila siku hapa kijiweni maneno ni hayohayo. Mtu akiona sura ya mwenzake kwenye bango kubwa la barabarani, haulizi kapita wapi. Anasema kabahatika. Wa pili anasema yule ana watu. Wa tatu hachelewi, anasema Freemason. Kazi ya miaka inafutwa hivyo, kahawa haijapoa, na vijana wadogo wamekaa hapa pembeni wanasikiliza na kuamini.

Leo sinyamazi. Tuanze na huyohuyo Lupita Nyong'o, kwa kuwa ndiye mnayependa kumtolea mfano. Alipanda jukwaani Nairobi na kundi la Phoenix Players akiwa na miaka 14, akacheza Juliet katika tamthilia ya Shakespeare. Ile filamu ya The Constant Gardener iliyotoka 2005, ilipopigwa Kenya naye alikuwemo, lakini msimtafute kwenye kioo. Alikuwa nyuma ya kamera, mmoja wa wale vijana wanaotumwa huku na huko kutwa nzima. Siku moja akamwambia Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu ile, kwamba naye anataka kuigiza. Fiennes hakumpa maneno matamu. Alimwambia kama kuna kazi nyingine yoyote anayoitaka, aifanye hiyo. Aigize tu kama anaona hawezi kuishi bila kuigiza. Lupita mwenyewe kalisimulia hilo hadharani.

Akaenda zake. Alisoma Chuo cha Hampshire, kule Massachusetts. Akatengeneza filamu yake mwenyewe, In My Genes, ya 2009, kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Mwaka huohuo akaonekana kwenye Shuga, tamthilia ya MTV iliyopigwa Nairobi kuhusu vijana na Ukimwi. Sasa hapo wengi wetu tungesema tumeshafika, sura imeshaingia kwenye televisheni, nini tena? Yeye akarudi kukaa kwenye dawati, Yale, shule ya maigizo, akamaliza 2012. Ndipo ikaja filamu ya 12 Years a Slave, na usiku wa tarehe 2 Machi 2014, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 31, akashika Oscar. Kutoka miaka 14 mpaka 31, mnapiga hesabu wenyewe. Ninyi mliona hotuba ya dakika chache.

Fundi viatu akainua kichwa, akaniambia, "Kaka, sema yote. Baba yake si Profesa Anyang' Nyong'o? Amekuwa waziri yule. Huyo wa kwetu huku nani atamlipia Yale?" Nimemkubalia, na namkubalia hapa pia. Aliyetoka kwenye nyumba ambayo chungu hakikosi jikoni anaweza kungoja muda mrefu kuliko anayedaiwa kodi ya chumba. Hilo ni kweli, na anayewahubiria vijana uvumilivu bila kulitaja anawaonea. Lakini fedha ya baba haikumfundisha mtu kulia mbele ya kamera. Na kama hoja ni kuzaliwa, basi tuje kwetu.

Mwigizaji wetu Steven Kanumba alizaliwa mkoani Shinyanga mwaka 1984. Hakushuka Dar na jina. Alipita Kaole Sanaa Group, kundi ambalo tamthilia zake za ITV zilikuwa zikianza, nyumba yenye televisheni inajaa watoto wa mtaa mzima, wengine wamening'inia dirishani. Humo ndimo walimopita akina Ray na Johari. Mnamkumbuka wa filamu ya Dar 2 Lagos ya 2006, alipoanza kucheza na Wanaijeria na jina likavuka mipaka. Mnakumbuka pia Aprili 2012, alipofariki akiwa na miaka 28, Leaders Club pale Kinondoni palivyojaa watu wakizimia. Ila hakuna anayeikumbuka miaka ya katikati, ya kufanya mazoezi na kundi, kupewa nafasi ndogo, kurudi nyumbani usiku, na kesho yake kufika tena. Miaka hiyo ndiyo iliyomjenga, na ndiyo ambayo kijana wa leo anataka kuiruka.

Mh! Siku hizi kijana anajirekodi kwa simu, klipu inapata watazamaji, wiki ijayo kajiandika mwigizaji. Sina ugomvi na simu. Simu ni kioo kizuri. Kanumba angeipata mapema angeitumia kujitazama na kujikosoa. Ugomvi wangu ni na yule anayejitazama akajipenda tu. Ndiyo hao wanaofika kazini kuuza sura. Anaingia kwenye chumba cha msiba kanyoa vizuri, kapaka mafuta, miwani juu ya kichwa, na macho anayapeleka kwenye kamera kuona kama inamchukua upande wake mzuri.

Ngoja niwape nilichokiona. Kuna shule ya msingi huku kwetu ambayo jioni za Jumamosi kundi la maigizo linaomba darasa moja kufanyia mazoezi. Nilipita nikasimama dirishani. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda bila shaka maana kofia yake ngumu ilikuwa juu ya dawati, alipewa nafasi ya mfanyakazi wa ndani. Maneno yake yalikuwa haya tu: "Mama, kuna mgeni mlangoni." Anaingia, anasema, anatoka. Anayewaongoza ni mama mtu mzima, kanga begani, daftari mkononi. Akamrudisha.

"Umetoka wapi?"

"Nje."

"Nje wapi? Mgeni alipobisha ulikuwa unafanya nini?"

Kijana kimya.

"Kama ulikuwa unaosha vyombo, mbona mikono mikavu?"

Akatoka, akarudi anafuta mikono kwenye suruali. Yule mama akatikisa kichwa. "Huyo mgeni unamjua?" Hamjui. "Sasa mbona unamtangaza kama mjomba wako?" Akatoka tena. Akaingia tena. Wenzake kwenye madawati walianza kuchoka, mmoja akatoa simu, akaangaliwa jicho moja na yule mama, simu ikarudi mfukoni. Halafu mama akauliza swali ambalo mimi sikulitegemea: "Na huyu mama mwenye nyumba, mshahara wa mwezi uliopita amekulipa?"

Kijana akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaenda nje akakaa huko kidogo. Aliporudi hakuingia ndani kabisa. Alisimama pale kwenye fremu ya mlango, mkono mmoja unafutwa kwenye suruali, macho yako kwenye miguu ya mama mwenye nyumba, na sauti ilitoka nusu, ya mtu ambaye ana jambo jingine la kusema lakini anasema hili. Maneno yaleyale manne. Darasa zima likatulia, na mimi dirishani nikasahau nilikuwa naenda wapi.

Hapakuwa na kamera. Hapakuwa na posho, na nadhani mafuta ya kumrudisha nyumbani aliyatia mwenyewe. Lakini ile jioni yule kijana aliongeza kitu ambacho hakuna atakayemnyang'anya. Nikisema subira ndiyo hii ninayoisema. Kukaa nyumbani unaitazama simu ukingoja prodyuza akupigie, hiyo ni kungoja tu, na mtu anaweza kungoja miaka kumi akabaki pale alipokuwa.

Na hata hiyo simu ikipigwa, mjue kazi yenyewe nayo ni kungoja. Wengi wanaodhani uigizaji ni starehe hawajawahi kukanyaga lokesheni. Unaambiwa ufike alfajiri. Unafika, jenereta halijaja. Linakuja, taa zinapangwa, sasa jua limehama, zinapangwa upya. Kila kitu kikiwa tayari, pikipiki inapita, sauti imeharibika, rudia. Jogoo wa jirani anawika, rudia. Na filamu haipigwi kwa mfuatano mnaouona nyumbani. Leo asubuhi upo kwenye msiba wa mkeo, jioni mpo kwenye uchumba wenu, kwa sababu nyumba mnayopigia imekodishwa siku moja na lazima kila kinachotokea ndani yake kimalizwe leo. Wewe uliyelia asubuhi mpaka macho yamevimba, saa kumi na moja utabasamu kama mtu aliyependa kwa mara ya kwanza. Tena ukumbuke kikombe ulikishika mkono gani, vifungo vingapi vya shati vilikuwa wazi, na shati lenyewe usilifue, maana wiki ijayo mnaendelea na siku hiyohiyo ya hadithi. Mtu asiyejua kutulia hafiki saa kumi na moja. Au anafika, ila uso umeshakufa.

Mzee mmoja hapa, mstaafu, akaniuliza kama haya mambo yana shule kweli au ni kipaji tu. Mzee wangu, yana shule. Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu 1981, leo kinaitwa TaSUBa. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sanaa za maonyesho zinafundishwa tangu miaka ya 1960, na ndipo walipofundisha akina Penina Muhando na Amandina Lihamba. Huyo Profesa Lihamba ndiye aliyemcheza Samehe katika Maangamizi, filamu ya 2001: mwanamke aliyenyamaza miaka mingi, hasemi na mtu. Fikirini, mwalimu wa maigizo, mtu wa maneno, anapewa mhusika ambaye kazi yote aifanye kwa macho na mwili. Huyo si wa kuokotwa barabarani. Na Maangamizi ndiyo filamu ya kwanza nchi hii kuipeleka kuwania Oscar. Ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilipelekwa 2022. Katikati hapo imepita miaka zaidi ya 20. Nchi nzima ilikaa foleni, sembuse mtu mmoja.

Sasa kuna jambo ambalo fundi viatu alilirudia, na ana haki. Tumbo. Wakenya walilitengenezea filamu, Nairobi Half Life, ya 2012, nayo ndiyo ya kwanza kwao kupelekwa Oscar. Joseph Wairimu anamcheza Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD na kuwaigizia wateja vipande vya filamu hapohapo. Anapanda basi kwenda Nairobi awe mwigizaji. Siku ya kwanza tu mjini anaporwa alichonacho, analala mahabusu. Baadaye anapata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani, mchana mazoezi, usiku yuko na genge la wezi, kwa sababu jukwaa halijaanza kulisha na mji hauna muda. Ile filamu inaniumiza kila nikiikumbuka. Mwas havunjiki kwa kukosa kipaji. Kinachomponza ni ile nafasi kati ya mazoezi na malipo.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayenisikiliza hapo na kofia yako ya bodaboda, usiache bodaboda. Wala wewe dada, usiuze cherehani. Nawasikia wanaowaambia vijana kwamba ukitaka kutoboa lazima uache kila kitu, ujitose. Ni maneno ya watu ambao hawatakupa unga mwezi ukifika tarehe 30. Kazi inayokupa kodi ya chumba ndiyo inayokupa ruhusa ya kukataa kazi mbaya. Asiyekuwa na njaa sana anaweza kusoma mkataba mpaka mwisho.

Na hapa kwenye mkataba nasonya mara ya pili, tena kwa nguvu. Kuna watu wameigeuza methali ya mvumilivu hula mbivu kuwa fimbo ya kuwapigia wasanii. Kijana kaigiza filamu nzima, akiuliza malipo anaambiwa avumilie, jina linajengeka kwanza. Filamu imetoka, imeuzwa Kariakoo, inaonekana kwenye mabasi ya mikoani, akiuliza anaambiwa avumilie. Wengine waliiuza kazi yote kwa mkupuo mmoja, wakapewa fedha ya kumaliza mwezi, na kilichoingia baadaye wakakisikia tu. Sheria ya hakimiliki ya 1999 tunayo, na ofisi ya COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Lakini sheria haimfuati mtu asiye na karatasi mkononi.

Mzee Amri Athumani wa Tanga, King Majuto wetu, alianza kuigiza 1958 angali mtoto. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Ni miaka 60 ya kuwachekesha watu. Kama kuna mtu aliyevumilia katika fani hii, ni yule mzee. Nani kati yetu hajacheka mpaka kushika ubavu kwa sababu yake? Na mwaka huo alipokuwa akiugua, nchi nzima ikaanza kuzungumzia mikataba ya wasanii, serikali ikaunda kamati ya kuipitia. Vizuri. Lakini ilitakiwa izungumzwe yeye akiwa na nguvu zake, miaka mingi nyuma. Sipendi mtu amtumie mzee yule kuwafundisha vijana kuvumilia kila kitu. Alivumilia kazi. Kutolipwa stahili si sehemu ya kazi.

Halafu lile la mabinti. Hapa sipunguzi sauti, hata kama wazee wamekaa. Binti anafika kwenye usaili, anaambiwa nafasi ipo ila aje jioni, peke yake, nyumba ya wageni. Akikataa anaambiwa hana moyo wa sanaa, hajui kujitoa. Aa! Huko si kujitoa. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja kwenye kifungu cha 25, na ofisi za TAKUKURU zina milango. Binti aliyeondoka kwenye usaili wa namna hiyo hajashindwa kuwa mvumilivu. Kaenda kutafuta mlango mwingine, na sisi tunaokaa hapa tunatakiwa kumsindikiza, badala ya kumtazama kwa jicho la nilikwambia.

Maana na sisi tunahusika. Nani anayewavunja moyo hawa watoto kama si sisi? Kijana akifeli usaili wa kwanza, kijiwe kizima kinamwita msanii kwa kejeli mpaka anabadilisha njia ya kupita. Akipata nafasi ya kupita tu nyuma ya meza ya wakubwa, tunamuuliza mbona hukusema kitu. Hatumuulizi alijifunza nini siku ile aliyokaa karibu na watu wanaojua. Usaili ni kitu cha kushindwa mara nyingi. Dairekta anatafuta mtu mrefu, wewe mfupi. Anatafuta lafudhi ya Unguja, wewe umekulia Mwanza. Hujakataliwa wewe, kimekataliwa kimo. Mwigizaji asiyelielewa hilo kila usaili utamla nyama, na akirudi mtaani tukamla nyama sisi tena, atabaki na nini?

Nikiwa bado naongea, mama muuza vitumbua wa upande wa pili wa barabara akavuka. Alikuwa anasikiliza kumbe. Binti yake kamaliza kidato cha nne, anataka kwenda Bagamoyo, na baba mtu kasema mwanawe hatakuwa malaya wa kwenye televisheni. Mama akaniuliza, "Kaka, wewe unayesema sana, nimruhusu?" Watu wakanigeukia wote. Nikamuuliza binti anafanya nini sasa hivi, kabla ya Bagamoyo. Akasema anaongoza maigizo ya kwaya kanisani, anawaandikia watoto maneno, anawafanyisha mazoezi kila Jumapili baada ya ibada, na hakuna aliyemtuma.

Nikamwambia amruhusu. Aende na cherehani yake, kama ipo, au na mtaji wa vitumbua, asimtegemee mtu huko. Na baba, mimi na mzee mstaafu tutakwenda kumuona Ijumaa jioni, tukaongee naye kwa adabu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Fundi viatu naye akasema tumwambie binti kwamba siku yoyote prodyuza akimletea karatasi, asitie sahihi hapohapo, hata kama gari linangoja nje. Ailete hapa kwanza. Mwana wa pili wa fundi anasoma sheria, likizo huwa yupo, ataisoma yote mbele yake, na kama amerudi chuoni tutamtumia picha ya kila ukurasa kwa simu.